Uhaba wa Marubani Unaanzia Wapi

Katikati ya Septemba 2017, abiria wa Ryanair, shirika kubwa la nauli nafuu lenye makao yake Ireland, walianza kupata ujumbe kwamba safari zao zimefutwa. Zilifutwa safari 2,100 kwa muda wa wiki sita. Mwezi haujaisha, shirika likatangaza kwamba nyingine 18,000 za majira ya baridi nazo hazitakuwepo. Hapakuwa na dhoruba, wala mgomo, wala ndege mbovu. Palikosekana marubani.

Wapo waliosema papo hapo kwamba ule uhaba wa marubani uliotabiriwa miaka nenda miaka rudi umeshafika. Lakini mkuu wa shirika hilo, Michael O'Leary, alisimama mbele ya waandishi wa habari na kukiri kwamba ofisi yake imevuruga ratiba ya likizo. Mamlaka ya anga ya Ireland ilikuwa imeagiza saa za kazi za marubani zihesabiwe kuanzia Januari hadi Desemba. Ryanair ilikuwa imezoea kuzihesabu kuanzia Aprili, hivyo likizo za mwaka mzima zikalundikana kwenye miezi michache. Marubani walikuwapo, ila walikuwa nyumbani kwa likizo yao halali. Vyama vya marubani vikaongeza jambo ambalo kampuni haikupenda kulisema: wengi walikuwa wamechoshwa na mikataba ya shirika hilo na walishahamia kwingine. Desemba ya mwaka huohuo, Ryanair, ambayo kwa miongo mitatu haikutaka hata kusikia habari za vyama vya wafanyakazi, ilikubali kuvitambua.

Kwa hiyo shirika la ndege likilalamika kwamba marubani hawapatikani, msikilizaji ana haki ya kuuliza kilichopungua ni nini hasa. Ni watu? Ni leseni? Ni uzoefu? Ni mishahara? Au ni hesabu za ofisini?

Takwimu za kutisha kwenye suala hili hutoka mara nyingi kwa watengenezaji wa ndege. Boeing hutoa kila mwaka makadirio ya miaka 20 ijayo, na mwaka 2024 ilisema dunia itahitaji marubani wapya 674,000 katika kipindi hicho. Hakuna sababu ya kusema namba hiyo imebuniwa, kwa kuwa wanaostaafu ni wengi na safari za anga zinaongezeka. Ila makadirio hayo yamejengwa juu ya ndege ambazo Boeing inatarajia zitauzwa, na Boeing huuza mafunzo ya marubani pia. Muuza mbegu akitabiri mvua nyingi si lazima awe anadanganya, lakini mkulima anapaswa kukumbuka kwamba huyo anauza mbegu. Upande wa pili kuna ALPA, chama kikubwa kuliko vyote cha marubani katika Amerika Kaskazini, ambacho kwa miaka mingi kimeshikilia kwamba marubani wapo tele, na kinachokosekana ni kampuni za kuwalipa inavyostahili. Nacho kina masilahi yake, kwa sababu ndicho kinachojadiliana kuhusu mishahara.

Ili kuona nani yuko karibu na ukweli, ni vizuri kumfuata rubani tangu anapoanza.

Kijana wa Kenya anayetamani kazi hii huanzia mara nyingi Wilson, ule uwanja wa Nairobi ulio ng'ambo tu ya mbuga ya wanyama. Hapo vijindege vya Cessna vya viti viwili au vinne hupishana tangu asubuhi. Kinapaa, kinageuka, kinazunguka uwanja, kinashuka, magurudumu yanagusa lami kidogo, kisha kinapaa tena bila kusimama. Mkufunzi ameketi kulia na usukani wake mwenyewe, tayari kuupokea mwanafunzi akikosea. Kila mzunguko wa namna hiyo una bei. Mwanafunzi hulipia ndege kwa saa, mafuta yake, mkufunzi wake na ada za uwanja, na upepo ukiwa mbaya siku hiyo anarudi nyumbani bila kuongeza hata dakika moja kwenye kitabu chake cha saa. Hadi afike kwenye leseni ya biashara, ile inayomruhusu kulipwa kwa kurusha ndege, ada imefika mamilioni ya shilingi za Kenya. Zipo familia zilizouza shamba kwa ajili hiyo. Marekani nako, shule zinazomchukua mtu asiyejua lolote na kumfikisha ngazi ya leseni ya biashara na ya ukufunzi hutoza zaidi ya dola 100,000.

Na baada ya yote hayo, kitabu chake kina saa kama 200 tu.

Hapo ndipo mlango unapofungwa usoni pake. Shirika la ndege linataka mtu mwenye saa 1,000 au 1,500, tena aliyeidhinishwa kurusha aina ileile ya ndege ambayo shirika linayo. Idhini ya ndege kama Boeing 737 au Airbus A320 hupatikana kwa mafunzo ya wiki kadhaa kwenye simuleta, na anayejilipia hutoa maelfu ya dola. Saa azipate wapi, bila kazi? Na kazi aipate wapi, bila saa? Ndiyo maana Nairobi, Dar es Salaam na Kampala wapo vijana wenye leseni halali ambao hawajawahi kulipwa hata siku moja kwa kurusha ndege. Na leseni haikai bure. Kila mwaka kuna uchunguzi wa afya wa kulipia, na kuna majaribio ya kuthibitisha kwamba mkono haujasahau, ambayo nayo huhitaji ndege ya kukodi. Watanzania wanaijua hali ya namna hii upande wa walimu: shule za vijijini zinalia hazina walimu, na mitaani wamejaa wahitimu wa ualimu wanaotafuta ajira.

Uhaba wa kweli uko kwenye kiti cha kushoto. Ndani ya chumba cha marubani, kapteni huketi kushoto na rubani msaidizi huketi kulia. Wa kuketi kulia hupatikana kwa pesa na mwaka mmoja na nusu wa mafunzo. Wa kuketi kushoto hupatikana kwa miaka. Ni lazima awe ametua kwenye mvua ya Entebbe na upepo wa Kilimanjaro, awe amewahi kukataa kuondoka ilhali abiria wanapiga kelele, awe amewahi kugeuza safari na kurudi. Hakuna shule inayouza hayo kwa mkupuo. Tena kapteni mmoja wa ndege kubwa akistaafu, haondoki peke yake. Nafasi yake inachukuliwa na kapteni wa ndege ndogo zaidi, ya huyo inachukuliwa na rubani msaidizi aliyepandishwa, ya huyo inachukuliwa na mgeni, na kila mmoja wao huondolewa kwenye ratiba kwa wiki au miezi ili akajifunze. Mtu mmoja anapokea pensheni, wengine watatu hawapo kazini. Shirika lisilopanga mapema huona pengo hilo ghafla na kuliita msiba wa dunia nzima.

Marekani ndiko ambako mjadala huu umekuwa mkali kuliko kwingine, na chanzo chake ni ajali. Usiku wa tarehe 12 Februari 2009, ndege ya Colgan Air iliyotoka Newark ilikuwa inakaribia kutua Buffalo, jimbo la New York. Mwendo ukapungua mno. Usukani ukaanza kutikisika wenyewe, kama ulivyotengenezwa kufanya ndege inapokaribia kushindwa kuelea hewani. Dawa yake ni kuusukuma mbele ili pua ishuke na mwendo urudi. Kapteni akauvuta. Ndege ikaangukia nyumba, wakafa wote 49 waliokuwamo na mtu mmoja aliyekuwa ndani ya nyumba hiyo. Uchunguzi ulifichua mambo ambayo abiria wengi hawakuyajua. Marubani wasaidizi wa kampuni ndogo kama hiyo walikuwa wakilipwa karibu dola 20,000 kwa mwaka, na wengine waliishi mbali sana na kituo cha kazi kwa kuwa hawakumudu kupanga mji wa karibu. Rubani msaidizi wa safari ile alikuwa amevuka nchi nzima usiku kucha kutoka Seattle ili awahi zamu.

Familia za marehemu hazikukaa kimya. Walikwenda Washington tena na tena, na mwaka 2010 Bunge la Marekani likapitisha sheria ambayo, kuanzia 2013, ilimtaka hata rubani msaidizi wa shirika la abiria awe na saa 1,500, isipokuwa wachache waliotoka jeshini au vyuo vilivyoidhinishwa. Hapo awali saa 250 zilitosha. Kampuni ndogo zikalia kwamba sheria hiyo ndiyo imezaa uhaba. Wapinzani wake hukumbusha jambo ambalo ni kweli: marubani wote wawili wa ndege ya Buffalo walikuwa wamepita saa 1,500. Hata hivyo familia zile zilikuwa na hoja nzito zaidi ya hesabu ya saa. Sheria ilizilazimisha kampuni kushindania watu ambao zamani ziliwapata kwa bei ya chee, na mishahara ikaanza kupanda.

Haikupanda mara moja. Kwanza lilikuja janga la Korona. Mwaka 2020 mashirika makubwa ya Marekani yalipokea mabilioni ya dola kutoka serikalini ili yasiwafukuze wafanyakazi, na wakati huohuo yakawashawishi marubani wenye umri mkubwa wastaafu mapema kwa kiinua mgongo kizuri. Delta peke yake iliwaaga karibu 1,800. Hao walikuwa makapteni hasa, watu wa kiti cha kushoto. Abiria waliporudi kwa wingi mwaka 2021 na 2022, mashirika makubwa yakachukua makapteni wa kampuni ndogo ili kuziba mapengo, na kampuni ndogo zikabaki hoi. Machi 2022, moja ya kampuni hizo, SkyWest, ilitoa taarifa kwamba inataka kuacha kuhudumia miji midogo 29 kwa kukosa marubani. American Airlines ikaacha miji kama Toledo na Ithaca.

Kisha likatokea jambo ambalo linaeleza mengi kuliko ripoti zote. Juni 2022, kampuni tatu ndogo zilizo chini ya American Airlines zilipandisha malipo ya rubani msaidizi mpya hadi dola 90 kwa saa. Machi 2023, marubani wa Delta wakapata nyongeza ya asilimia 34 katika miaka minne, na United ikafuata na mkataba wa kiwango cha karibu na hicho au zaidi. Shule za urubani zikajaa. Vijana ambao miaka kumi nyuma waliona ni upuuzi kukopa dola 100,000 ili walipwe 20,000, sasa waliona inalipa. Ilipofika 2024, kilio kilikuwa kimegeuka. Boeing ilichelewa kukabidhi ndege, na Southwest na United zikasimamisha kuajiri. Spirit, iliyokuwa ikiporomoka kifedha, ikawapeleka mamia ya marubani likizo bila malipo. Katika miaka miwili tu, nchi ileile iliyosema haina marubani ilikuwa na marubani wasio na ndege.

Mashirika husema siku zote kwamba mshahara hauwezi kumzaa rubani, na kwa muda mfupi ni kweli: kapteni hazaliwi kwa nyongeza ya mwezi mmoja. Kwa miaka mitano hoja hiyo haisimami. Pesa ilipotoka, watu walikuja.

India nayo imetoa funzo lake, la karibuni zaidi. Kuanzia Novemba 2025 mamlaka ya anga ya nchi hiyo ilianza kutekeleza awamu ya mwisho ya kanuni mpya za mapumziko, ambazo kwa jumla zilitaka rubani apumzike saa 48 mfululizo kila wiki badala ya 36, na asitue mara nyingi usiku kama zamani. Kanuni hizo zilijulikana kwa muda mrefu. IndiGo, shirika linalobeba zaidi ya nusu ya abiria wa ndani ya India, halikuwa limeajiri watu wa kutosha. Mwanzoni mwa Desemba safari zake zikaanza kuanguka, na siku moja zaidi ya 1,000 zilifutwa. Watu walilala sakafuni viwanjani, maharusi walikosa harusi zao. Serikali ililegeza kanuni kwa muda ili IndiGo ipumue. Tafsiri yake ni hii: mapumziko yaliyowekwa ili rubani asisinzie akiwa angani yalisogezwa pembeni kwa sababu kampuni haikuajiri. Jambo hilo linapaswa kumtia wasiwasi kila anayepanda ndege, awe Mumbai au Mwanza.

Afrika Mashariki ina sura yake katika mambo haya, na ni sura yenye uchungu zaidi.

Huku ngazi ya rubani inajulikana. Anayebahatika huanza na ndege ndogo za Cessna Caravan zinazopeleka watalii Mara na Serengeti, au zinazoruka kati ya Dar es Salaam, Unguja, Pemba na Mafia. Wengine hupelekwa na mizigo ya misaada Sudan Kusini au mashariki ya Kongo, kwenye viwanja vya changarawe ambavyo rubani huvizunguka kwanza kuangalia kama kuna ng'ombe. Huko ndiko saa zinakochumwa. Baadaye huingia kwenye ndege za ATR au Bombardier, kisha Boeing au Embraer. Na akishaiva, akishakuwa yule kapteni ambaye nchi imemsubiri miaka kumi, Ghuba inamwita. Emirates na Qatar Airways hutoa mshahara usiokatwa kodi ya mapato, nyumba na ada ya shule ya watoto. Kenya Airways, iliyokuwa ikizama kwenye madeni, ilishuhudia marubani wake wakiondoka kuelekea huko katika miaka ya 2010, kiasi kwamba kupanga ratiba kukawa shida. Hakuna wa kumlaumu mzazi anayekwenda mahali ambapo mwanawe atasoma. Lakini ada ya Wilson, ardhi iliyouzwa na miaka ya Caravan vyote vilikuwa gharama ya Kenya, na matunda yamevunwa Dubai na Doha.

Waliobaki nao wana yao. Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways waligoma kwa siku kadhaa. Hoja zao kubwa zilikuwa mfuko wa akiba ya uzeeni, ambao shirika lilikuwa limeacha kuuchangia, na mishahara iliyokuwa imeahirishwa tangu Korona. Maelfu ya abiria walikwama kwenye uwanja wa Jomo Kenyatta. Wakenya wengi waliwakasirikia marubani, na hasira hiyo inaeleweka kwa mtu aliyekosa mazishi ya mzazi wake. Hata hivyo shirika linalozuia akiba ya uzeeni ya kapteni, huku Ghuba ikiwa umbali wa saa tano tu, lisishangae likipungukiwa na makapteni.

Tanzania ilipolifufua shirika lake la ndege, ATCL, mwaka 2016 kwa ndege mbili za Bombardier Q400, ilianza mbio za kununua ndege ambazo hazijawahi kuonekana nchini. Dreamliner ya kwanza ikaja Julai 2018, Airbus A220 Desemba mwaka huohuo, na 2023 ikaja Boeing 767 ya mizigo na 737 MAX ya kwanza. Watu walikwenda uwanjani kuzipokea kwa ngoma, na ni haki yao kujivunia. Kwa rubani picha ni tofauti kidogo. Shirika lenye ndege zisizofika ishirini lina aina tano za ndege, na aliyeidhinishwa kurusha Q400 hawezi kesho kuketi ndani ya A220. Kila aina inadai kikosi chake, makapteni wake na wakufunzi wake. Shirika la ukubwa huohuo lenye aina mbili linaweza kuhamisha watu zamu zinapopungua, na ATCL haiwezi. Halafu, tangu mwishoni mwa 2022, baadhi ya A220 zikalala chini kwa matatizo ya injini zilizotengenezwa na Pratt & Whitney, na marubani waliofundishwa kwa gharama kubwa wakawa na ndege pungufu za kurusha. Kenya Airways nayo, mwaka 2025, ilikuwa na Dreamliner tatu kati ya tisa zilizosimama kwa kusubiri injini. Nchi hizi mbili zimekuwa na marubani bila ndege na ndege bila marubani, nyakati nyingine kwa wakati mmoja.

Ethiopia imechukua njia nyingine. Ethiopian Airlines ina chuo chake Addis Ababa, kinachomchukua kijana tangu mwanzo na kumpandisha hadi kwenye ndege za shirika hilohilo. Machi 2019, ndege yake ya 737 MAX ilipoanguka ikielekea Nairobi na kuua watu 157, Wakenya wakiwa wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote, sauti zilisikika Marekani zikimsema rubani msaidizi aliyekuwa na saa 361 tu. Kapteni wake, mwenye umri wa miaka 29, alikuwa na saa zaidi ya 8,000. Uchunguzi ulionyesha kwamba mfumo wa kompyuta wa Boeing, kwa kutegemea kipimo kimoja kilichoharibika, ulikuwa unaisukuma pua ya ndege chini tena na tena. Lion Air ya Indonesia ilikuwa imeanguka kwa mfumo huohuo karibu miezi mitano kabla, ikiua watu 189. Kuwatwisha lawama marubani wa Kiafrika kwa kosa la mhandisi wa Marekani kulikuwa ni dhuluma kwa marehemu. Ulaya nzima huwapa vijana wa saa kama 200 kiti cha kulia, baada ya mafunzo mazito, na anga yake ni miongoni mwa zilizo salama zaidi duniani. Kinachohesabiwa ni alivyofundishwa na anayeketi kushoto kwake.

Hoja ya uhaba ina wateja wengine ambao hawasemwi sana. Wapo wanaotaka umri wa kustaafu upandishwe kutoka 65 hadi 67. Baraza la Wawakilishi la Marekani liliunga mkono mwaka 2023, Seneti ikakataa, na sheria ya 2024 ikabaki na 65. Mwaka 2025 mashirika ya ndege duniani yalilipeleka ombi hilo kwenye mkutano mkuu wa ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, nako halikupita. Wapo pia wanaotaka, kwenye safari ndefu, abaki rubani mmoja usukanini huku mwenzake amelala, na hatimaye awe mmoja tu tangu mwanzo hadi mwisho. Mamlaka ya anga ya Ulaya, EASA, ilichunguza pendekezo hilo, na mwaka 2025 ikasema haijathibitika kwamba usalama utabaki kama wa marubani wawili. Pendekezo hilo halijafa. Litarudi, na litarudi likiwa limebeba takwimu za uhaba.

Yapo ya kufanya huku nyumbani, na si mageni. Mwaka 1971 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilianzisha chuo cha urubani Soroti, Uganda, ili vijana wa nchi tatu wafundishwe pamoja kwa gharama ya pamoja. Jumuiya ikavunjika 1977, chuo kikabaki Uganda, na kwa miaka mingi kikadhoofika kwa kukosa ndege na fedha. Dar es Salaam, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kimeingia kwenye mafunzo ya urubani kwa ndege za Cessna, hatua ambayo ilichelewa mno kwa nchi iliyokuwa ikiwatuma watu wake Afrika Kusini, Kenya na Ethiopia. Chuo peke yake hakitatosha iwapo mhitimu wake atatoka na saa 200 na kukuta mlango ule uleule. Anahitaji kiti cha kulia kilichoahidiwa kwa maandishi tangu siku anapoanza, na shirika linalomfundisha linahitaji mkataba wa kumbakisha miaka kadhaa, ilimradi mkataba huo uheshimu akiba yake ya uzeeni na mapumziko yake.

Na fungu la fedha za mafunzo hayo lina mahali pa kuwekwa, nako ni kwenye mkataba wa kununua ndege. Ndege moja ya masafa mafupi inayofanya kazi kila siku huhitaji marubani kama kumi, makapteni watano na wasaidizi watano, na za masafa marefu huhitaji zaidi. Mkataba wa ndege husainiwa miaka miwili, mitatu, wakati mwingine zaidi, kabla haijafika. Bei ya ndege, injini za akiba na vipuri vyote huandikwa humo. Wabunge wa Dodoma na Nairobi wanapoletewa mkataba wa ndege nyingine, waulize ukurasa gani una majina ya hao kumi, wako shule ipi, na ni kapteni yupi atakayeketi nao.